Maranda

Kamati ya msikiti ilinipa nusu ya fedha,
nusu nyingine baada ya Idi,
na karatasi ya daftari yenye vipimo:
mimbari, ngazi tatu, mvule mtupu, isichanganywe na mkaratusi.

Mvule wa dukani Muheza una bei ya mahari.
Mvule wa Kwemnyasi hauna bei, una masharti:
vua viatu, usipige mluzi,
usimwite mwenzio kwa jina lake,
ukiokota kijiti kiache palepale ulipokiona,
na ukitoka, toka kinyumenyume
kama anayeaga chumba chenye mgonjwa.
Nilijua yote. Nilifundishwa kabla ya alifu.

Nikaingia na viatu.
Nikaingia na Hoza, mwenye msumeno wa mashine,
nikamwita kwa jina mara tatu, kwa sauti,
nisikie kama kuna atakayeitika badala yake.
Kima alitutazama, akaendelea kujikuna.

Husimuliwa kwamba mti wa mzimuni hutoa damu,
na mkataji hurudi nyumbani mdomo umekwenda upande.
Uongo. Mti ulianguka kama mti.
Kilichonitisha ni jua.
Liliingia mle bila hodi,
likakaa juu ya mawe saba ya wazee wetu,
juu ya chetezo kilichomeguka mdomo,
kipande cha kaniki, unga ulioota ukungu,
juu ya kijito nilichokuwa nakijua kwa sauti tu,
kumbe chembamba vile, kama mshipa wa mtoto.
Nikaona haya
kama aliyesukuma mlango wa bafu akamkuta mkwewe.

Niliranda siku tisa.
Siku ya pili alikuja Bi Mwantumu Shekiondo.
Mvua ikichelewa, ndiye hupeleka mbuzi mweusi;
Ijumaa ikifika, ndiye hufagia uwanja wa msikiti,
wala hajaona katika hayo mawili la kuchagua.
Nilitarajia laana. Nilikuwa nimeiandalia majibu:
shirki, ujinga, mihuri ya serikali ya kijiji.
Hakuniuliza.
Alikunja magoti kwa taabu,
akachota maranda kwa pindo la kanga,
akaenda nayo njia ya Kwemnyasi.
Akarudi. Akachota. Akaenda.
Safari ya tatu nikamwambia, Bibi, hizo takataka,
zina wenyewe, wafuga kuku.
Akasema: "Mwili umechukua wewe.
Niachie mimi kucha na nywele."

Gunia la mwisho nililibeba mwenyewe.
Viatu nilivivua bila kukumbuka kuvivua,
kwenye mzizi uleule wa utotoni
uliolainishwa na visigino vya watu nisiowajua,
nikavikuta ubavuni mwa malapa yake.

Ijumaa ya kwanza khatibu alipanda.
Ngazi ya pili ikalia. Kiungo kilikuwa kibichi,
kosa langu, si la mtu wala la mzimu.
Harufu ikashuka, safu kwa safu,
ile harufu ya chini ya majani, ya maji yasiyoonekana,
na kabla hajatamka hata Alhamdulillahi
Mndolwa wa safu ya mbele akaacha kukohoa,
watoto wa nyuma wakaacha kufinyana.
Nikautambua ule ukimya.
Ni wa kutopiga mluzi.
Hotuba yenyewe ilikuwa ya zaka, nadhani.

Nusu ya pili ya fedha sijaidai.
Kisiki kimetoa machipukizi manne,
kima wamekula matatu.
Jumamosi nachukua ndoo na matawi ya miiba,
namwagia, nazungushia, sisemi na mtu,
kisha natoka kinyumenyume, kitako mbele,
najikwaa kama mlevi,
na hakuna anayeniona
ila jua,
ambalo bado halijaaga.